Nyonga mpya, hatua mpya: Kutembea ni dawa, na rukhsa ni rehema

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akamjaalia mifupa ya kumsimamisha na viungo vya kumkunja na kumkunjua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ukiingia katika misikiti mingi ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa leo hii utaviona viti vimepangwa kwenye ncha za safu. Miongoni mwa wanaovikalia wamo watu waliofanyiwa upasuaji wa kubadilisha nyonga. Zamani mzee akianguka na kuvunjika nyonga, jamaa walimlaza kitandani wakasubiri qadari, na wengi katika hao hawakuinuka tena. Leo, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu na kwa elimu aliyowafunulia waja wake, mtu huyo anaweza kurudi kwenye miguu yake.

Hata hivyo, upasuaji ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili hufanyika nyumbani, na huko yapo mambo mawili yanayomrudisha mgonjwa nyuma. La kwanza ni huruma ya jamaa wanaomzuia asinyanyuke. La pili ni ukaidi wa mgonjwa mwenyewe anayekataa rukhsa aliyopewa na Mola wake katika ibada. Makala yetu ya leo inakusudia kuyaeleza mambo haya mawili, ili familia iliyo na mgonjwa wa aina hii ijue namna ya kumsaidia.

Nyonga na sababu za kuibadilisha

Nyonga ni mahali ambapo mfupa wa paja unakutana na mfupa wa kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu, utando mgumu wenye utelezi, ndiyo maana mtu mzima wa afya huinama, huchuchumaa na kusujudu bila ya kuhisi chochote.

Gegedu hilo linaposagika, mfupa husuguana na mfupa. Maumivu huanzia kwenye kinena, pengine huteremka hadi gotini, na mwenye maradhi hayo hushindwa kuvaa viatu, kupanda daladala, hata kukaa kitako baina ya sijda mbili. Usagikaji huu ni sababu moja ya kubadilishiwa nyonga. Sababu ya pili ni kuvunjika shingo ya mfupa wa paja, jambo linalowapata sana wazee wanapoanguka chooni au ukumbini. Ya tatu ni kufa kwa kichwa cha mfupa kwa kukosa damu. Hili la tatu linaweza kumpata mtu mwenye selimundu angali kijana, kwa hiyo usistaajabu kumwona mtu wa miaka 25 au 30 akitembelea magongo baada ya upasuaji wa nyonga.

Daktari hukiondoa kichwa kilichoharibika, akatia shina la madini ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, juu yake akaweka kichwa kipya cha madini au cha kauri. Kwa wengi huweka pia kikombe kipya chenye bitana ya plastiki ngumu. Njia hii ilipata mafanikio makubwa kwa kazi ya daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington. Kikombe alichokitumia mwanzo kilikuwa cha plastiki laini mno, kikalika upesi na kuwaletea wagonjwa madhara. Hakukata tamaa. Mwezi Novemba mwaka 1962 alianza kutumia plastiki ngumu zaidi, na msingi huo ndio unaotumika hadi leo. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la The Lancet liliuita upasuaji huu kuwa ndio upasuaji wa karne. Uchunguzi mwingine uliochapishwa katika jarida hilo mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 katika kila 100 hudumu kwa miaka 25. Hapa Afrika Mashariki pia upasuaji huu hufanyika, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), jijini Dar es Salaam.

Wako wanaouliza kama kutia kiungo bandia mwilini ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Jawabu ni kwamba hayo ni matibabu, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kinachorekebishwa hapa ni kilichoharibika, ili mja arudi kuitumia neema ya kusimama.

Kunyanyuka mapema ni sehemu ya matibabu

Jambo linalowashangaza jamaa wengi ni kuona mgonjwa anasimamishwa siku ileile ya upasuaji au siku ya pili yake. Binti hulia, mtoto wa kiume hugombana na wauguzi, shangazi husema mgonjwa anateswa. Wanaona kidonda kibichi, wanadhani ukatili. Ukweli ni kwamba kiungo kilichowekwa kwa kawaida kina uwezo wa kubeba uzito tangu mwanzo, isipokuwa daktari akisema vinginevyo. Kinachomdhuru zaidi mgonjwa ni kulala. Damu huganda katika mishipa ya miguu, mapafu hujaa makohozi, misuli hunywea, ngozi ya mgongoni na visiginoni huchubuka ikawa vidonda, na choo hufunga.

Mazoezi huanza angali kitandani. Mgonjwa huchezesha nyayo juu na chini mara nyingi kwa siku ili damu itembee. Hukaza misuli ya paja na makalio, akahesabu hadi tano, kisha akalegeza. Huburura kisigino polepole juu ya shuka kuelekea kwake, bila ya kuvuka kiwango alichoonyeshwa. Kisha husimamishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akiwa ameshika fremu ya kutembelea, na hapo hufundishwa mpangilio wa hatua. Fremu hutangulia, hufuata mguu uliopasuliwa, kisha mguu mzima. Anapogeuka hupiga hatua ndogo ndogo kuzunguka, wala hajizungushi kwa kuusimamia mguu uliopasuliwa.

Kwenye ngazi, kanuni ni nyepesi kuihifadhi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na gongo. Na anapofikia hatua ya kutumia fimbo moja, aishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huishika upande unaouma wakidhani ndio msaada, kumbe fimbo ya upande wa pili ndiyo inayoipunguzia nyonga mzigo. Mgonjwa asione haya kwa fimbo hiyo wala asiitupe kabla ya wakati. Misuli ya pembeni mwa nyonga ikiwa bado dhaifu, mtu hutembea akiyumba, na mwendo wa kuchechemea ukishakuwa mazoea ni vigumu kuuacha. Wahenga wetu walisema mwenda pole hajikwai.

Wema kwa wazazi si kuwalaza

Katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwatendea wema wazazi wawili na kuwainamishia bawa la unyenyekevu kwa huruma. Watoto wengi wa Kiislamu wanaihifadhi amri hii, na mzazi anapotoka hospitali wanataka kuitekeleza kwa ukamilifu. Basi mama huletewa chakula kitandani, maji kitandani, beseni la kunawa kitandani. Akitaka kusimama huambiwa atulie, wapo wa kumhudumia. Majirani wanaokuja kumzuru nao humhimiza alale apumzike. Wiki ya sita inafika mama hajavuka mlango wa chumba chake, mguu umevimba, paja limenywea, na nyonga iliyogharimu fedha nyingi ipo tu, haina misuli ya kuibeba.

Ndugu msomaji, hakuna katika watu hao aliyekusudia ubaya. Lakini huruma isiyoongozwa na elimu inaweza kumdhuru unayempenda. Mtoto mwema wa mgonjwa huyu ni yule anayesimama upande wake akamwambia, "Mama, twende hadi mlangoni na kurudi," kesho yake wakafika barazani, na baada ya siku kadhaa wakafika kwa jirani. Matembezi mafupi mara nne au tano kwa siku ni bora kuliko safari moja ndefu inayomchosha. Baada ya kila tembezi ajilaze, mguu uinuliwe kidogo juu ya mto ili uvimbe upungue. Dawa ya maumivu ampe kabla ya mazoezi, kwa kipimo alichoandikiwa, kwani anayeumia sana hakubali kutembea. Maji ya kunywa, mboga na matunda vizidishwe, maana baadhi ya dawa za maumivu hufunga choo.

Kinachohitaji nguvu za watoto zaidi ni kuiandaa nyumba kabla mgonjwa hajarudi. Mikeka, mazulia na misala iliyotandazwa njiani ikunjwe, kwani ncha ya fremu hunasa humo. Kitanda kiwe cha kimo cha kutosha, kiasi kwamba akikaa magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Kochi linalozama na kigoda visitumike. Mbuzi ya kukunia nazi nayo aisahau kwa muda, akipenda apike akiwa amesimama mezani. Choo cha kuchuchumaa ni tatizo kubwa katika nyumba zetu. Seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti imara chenye mikono na tundu katikati, kikawekwa juu ya choo hicho. Taa ya njia ya chooni iachwe ikiwaka usiku. Kandambili zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino na visivyoteleza. Na kwa kuwa mama zetu huvaa buibui na wazee wetu kanzu, upindo upandishwe usiburure chini, maana kukanyaga upindo kumewaangusha wengi.

Sala ya aliyebadilishiwa nyonga

Sasa tuje katika jambo la pili. Katika wiki za mwanzo, misuli na utando unaoishikilia nyonga mpya havijapona. Kwa hiyo madaktari wengi humkataza mgonjwa mambo matatu, hasa aliyepasuliwa kwa nyuma: asiikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, na asiuzungushe mguu kuelekea ndani. Muda wa katazo hili mara nyingi ni kati ya wiki 6 na 12. Wapo madaktari ambao leo wamelegeza masharti haya, na aliyepasuliwa kwa mbele hupewa masharti tofauti, kwa hiyo mgonjwa afuate kauli ya daktari aliyempasua. Sijda na mikao ya tashahudi huikunja nyonga kupita kiwango hicho. Mgonjwa akilazimisha, kichwa cha nyonga kinaweza kuchomoka katika kikombe chake.

Namkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa safu ya kwanza kwa miaka mingi. Alibadilishiwa nyonga, akaambiwa asali juu ya kiti. Kwa wiki mbili alitii, huku moyo wake ukiwa na dhiki, akiona kwamba sala yake imekuwa ya mtu asiye na adabu mbele ya Mola wake. Alfajiri moja katika wiki ya tatu, watu wa nyumbani wamelala, alishuka kwenye msala akasujudu. Hakuweza kuinuka. Nyonga ilikuwa imeteguka, mguu umefupika na kugeukia ndani. Akarudishwa hospitali, akatiwa nusu kaputi nyonga ikarudishwa mahali pake, na mazoezi yakaanza upya. Nilipokwenda kumzuru aliniuliza swali moja tu: je, thawabu za sijda zangu zimekwenda wapi?

Jawabu la swali hilo limo katika hadithi aliyoipokea Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) na iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya akiwa mzima na mkazi. Mzee yule aliyesujudu kwa miaka 50 hakupungukiwa na kitu kwa kukaa kitini. Thawabu zilikuwa zikiandikwa kama zilivyokuwa.

Tena tuna kigezo cha Mtume mwenyewe. Amesimulia Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi akaumia ubavu wa kulia, na akasali hali ya kuwa amekaa. Naye Imran bin Husain (R.A.), aliyekuwa akisumbuliwa na bawasiri, alipomuuliza kuhusu sala, alielekezwa asali kwa kusimama, akishindwa asali kwa kukaa, na akishindwa alale ubavu. Ikiwa mbora wa viumbe alikaa alipoumia, ni nani kati yetu atakayeona aibu kukaa? Na katika Suratul Baqara, aya ya 185, baada ya kutaja hukumu ya mgonjwa na msafiri, Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba anatutakia wepesi wala hatutakii mazito.

Namna ya kusali ni hii. Mwenye kuweza kusimama asimame katika kisimamo, kwani kusimama ni nguzo katika sala ya faradhi, na rukhsa hupewa kwa kadiri ya udhuru. Akae kitini pale anaposhindwa au anapochelea madhara. Kiti kiwe kirefu, imara na chenye mikono. Rukuu aiashirie kwa kuinama kidogo, na sijda aiashirie kwa kuinama zaidi ya alivyoinama katika rukuu, yote ndani ya kiwango alichoruhusiwa na daktari. Akizuiwa kuinamisha kiwiliwili, basi kichwa kinatosha. Hana haja ya kuinua mto hadi usoni wala kuweka meza mbele yake. Katika salamu ageuze shingo, asipindishe kiuno. Akiwa bado kitandani hospitalini, aelekezwe kibla ikiwezekana, na ikishindikana asali alivyo. Mpira wa mkojo au bandeji yenye damu visiwe sababu ya kuacha sala hadi wakati utoke, kwani atasali kwa hali aliyonayo baada ya kujisafisha kwa kadiri ya uwezo. Kuhusu kukusanya sala mbili kwa ajili ya maradhi, maulamaa wamehitilafiana, na wapo hata miongoni mwa wanavyuoni wa Kishafii walioona inajuzu. Mwenye dhiki amuulize mwanachuoni aliye karibu naye.

Udhu wake hauna uzito. Kidonda kipo pembeni mwa nyonga, si katika viungo vya udhu. Taabu ipo katika kuzifikia nyayo, kwa sababu kuinama kumekatazwa. Basi akae kwenye kiti kirefu, jamaa yake amwoshee miguu, na hapo watoto watakuta mlango mkubwa wa thawabu. Akivaa khofu akiwa na tohara, zikatimiza masharti yake, anaweza kupaka maji juu yake kwa muda wa usiku na mchana mmoja kwa aliye mkazi. Josho lilipowajibika na plasta haitakiwi kulowa, amuulize mwanachuoni hukumu ya kupangusa juu yake na tayamamu.

Je, atarudi kusujudu chini? Wapo wanaoruhusiwa baada ya miezi kadhaa, wakafundishwa na mtaalamu namna ya kushuka kwa kushikilia kiti na kuinuka kwa mguu mzima. Wapo wanaoambiwa kiti ndicho chao maisha yote. Wote wawili wanatii, kila mmoja kwa hali yake.

Mambo ya kuogopa na mambo ya kuacha

Familia izijue dalili ambazo hazingoji kesho. Maumivu makali ya ghafla nyongani, mguu kufupika au kugeuka, na kushindwa kuukanyagia, ni dalili za kuteguka. Homa, kidonda kuwa chekundu, kuvimba au kutoa usaha, ni dalili za vijidudu kuingia. Uvimbe na maumivu kwenye shavu la mguu ni dalili ya damu kuganda. Na mgonjwa akianza kuhema ghafla au kupata maumivu ya kifua, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, maana huenda bonge la damu limekwenda mapafuni. Hatari hii huendelea kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji, ndiyo maana dawa za kuzuia damu kuganda zisikatishwe kwa sababu tu mgonjwa amejiona mzima.

La kuachwa kabisa ni kumwita mkandaji. Desturi yetu ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa mafuta ina mahali pake, lakini nyonga iliyobadilishwa si mahali pake. Kuvuta na kuusokota mguu huo kunaweza kuitegua nyonga, na kuchua shavu la mguu lenye damu iliyoganda kunaweza kulisukuma bonge hilo. Habbat sauda, asali na kisomo cha Qur'ani ni baraka kwa mgonjwa, navyo havigongani na maagizo ya daktari. Ila kitu cha kumeza zaidi ya chakula cha kawaida akitaje kwa daktari kwanza, hasa akiwa anatumia dawa za damu.

Baadhi ya mama zetu hukataa mazoezi kwa sababu mtaalamu aliyepo ni mwanamume. Stara yao ni jambo tukufu. Waombe mtaalamu wa kike, na asipopatikana, haja ya matibabu ina hukumu yake. Mume au mahram wake awepo, avae suruali pana chini ya nguo zake, na kifunuliwe kile tu kinachohitajika. Kukosa mazoezi kabisa ni hasara isiyotakiwa na sharia.

Kurejea katika maisha

Kwa kawaida wiki 6 hivi baada ya upasuaji mgonjwa huanza kuachana na magongo, na wengi huruhusiwa kuendesha gari na kurejea kazi za kukaa. Faragha ya mume na mke nayo kwa wengi huruhusiwa karibu na muda huo, na kuuliza kwa daktari katika hili si kukosa haya. Kufikia miezi 3 wengi hutembea vizuri, na nguvu huendelea kuongezeka hadi kutimia mwaka. Wengine huhisi kwamba mguu mmoja umekuwa mrefu. Mara nyingi hisia hiyo huondoka misuli ikizoea, na ikibaki, hupimwa na kiatu kikaongezwa soli.

Mwenye nia ya kwenda Hija au Umra asikate tamaa. Ajue tu kwamba kiungo chake kinaweza kukiliza king'ora cha ukaguzi uwanja wa ndege, basi aeleze mapema. Safari ndefu ya ndege katika miezi ya mwanzo aifanye kwa ruhusa ya daktari kwa kuchelea damu kuganda. Na huko, tawafu na sai huswihi kwa kiti cha magurudumu kwa mwenye udhuru.

Neno la mwisho ni kwa kamati za misikiti na sisi waumini. Tuweke viti imara vyenye mikono, si vile vya plastiki vinavyoteleza. Tuviweke kwenye ncha ya safu ili visikate mstari. Tutenge bomba moja la udhu lenye kiti kirefu, tuondoe viatu vinavyorundikwa mlangoni, na penye ngazi tuweke ukingo wa kushikilia. Na anaposali ndugu yetu kitini, tuziteremshe nyoyo zetu pamoja na macho yetu. Asiwepo wa kumnong'oneza kwamba mbona jana tulikuona sokoni unatembea. Anayeweza kutembea hadi sokoni huenda hajaruhusiwa kusujudu, na siri ya mwili wake anaijua Mola wake na daktari wake.

Enyi wagonjwa wetu, hatua kumi za leo kutoka kitandani hadi dirishani ni shukrani kwa neema ya miguu, na kiti mnachosalia ni zawadi ya Mola wenu. Ipokeeni kwa furaha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azitie nguvu hatua zao, awalipe kheri wanaowauguza, na atujaalie sisi sote mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.